Wapagazi wa Mnyapara

Ukimwamkia Mnyapara, ilikubidi usubiri zamu yako. Ungesema, "Shikamoo," naye angeinamisha kidevu kifuani, kwenye shingo ya kanzu yake, akanong'ona na kitu kilichokuwa humo ndani, kisha ndipo akuangalie wewe na kusema, "Marahaba. Na huyu naye anakusalimu." Kama hukumjua, ulicheka kwa adabu ukidhani mzee amelewa. Kama ulimjua, ulisogea nyuma kidogo, maana muda si mrefu kichwa kingechungulia hapo shingoni: pua nyekundu yenye unyevu, masharubu marefu kuliko ya Bwana Mkubwa wa boma, na macho meusi mawili yasiyoona vizuri.

Panya. Tena si vile vipanya vya jikoni vinavyokula sabuni. Panya buku, mkubwa kama paka wa maskini, mkia wake nusu mweusi na nusu mweupe, kana kwamba aliuchovya kwenye chokaa akafukuzwa kabla hajamaliza.

Sisi wa upande huu wa reli tulimwita Mnyapara kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo kabla gari moshi halijafika: kuongoza wapagazi wa misafara kutoka Tabora mpaka pwani, na kuwarudisha waliobaki. Reli ilipofika Dodoma mizigo ikapanda mabehewa, naye akabaki hapa hapa katikati ya njia, kama mzigo ulioanguka na hakuna aliyerudi kuuokota. Kwao Unyamwezi hakurudi. Ukimwuliza sababu, alisema miguu yake imekwisha. Uongo mtupu. Miguu hiyo hiyo ilimpeleka mpaka Hombolo kuchimba mashimo ya panya na kumrudisha hajatweta, huku mimi, niliyejipendekeza kumfuata mara moja tu, nikirudi nalia na kuomba nibebwe.

Kutunza panya si mchezo, asikudanganye mtu. Kila mmoja alikuwa na mtungi wake, mtungi mbovu uliolazwa ubavu ndani ya tembe lake, nyumba ya udongo, na jiwe mdomoni lililoacha nafasi ya pumzi. Ndani mlikuwa na nyasi kavu, na nyasi zilibadilishwa kabla hazijaanza kunuka. Majivu kidogo mgongoni kwa ajili ya viroboto. Kipande cha mti mgumu cha kuguguna, kwa sababu meno ya panya hayaachi kuota, na asipopata kigumu ataguguna mtungi, na akiumaliza mtungi ataanza na wewe. Msimu wa kipupwe, upepo wa Dodoma unapokuja kumvua mtu nguo hadharani, aliwafunika kwa vipande vya shuka yake mwenyewe, na yeye akalala amejikunja kama mbwa. Mama yangu, ambaye hakumpenda wala hakumchukia, alisema, "Yule mzee angekuwa na mke, mke angekuwa ameshaomba ageuzwe panya."

Lakini kilichomteka moyo kwa wanyama wale ni mashavu yao. Panya buku ana mifuko ndani ya mashavu. Akikuta chakula hakili hapo. Anakisomba, anakishindilia mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko tumbo, kisha anakipeleka kwake.

"Umeona?" aliniambia siku ya kwanza aliponiruhusu niingie ndani. "Watu wanasema anaiba. Haibi. Anabeba."

"Si ni yale yale, Babu?"

"Ni yale yale kwa mtu ambaye hajawahi kubeba kitu. Mwizi angekula njiani, mtoto wa shule. Huyu ana njaa, chakula kimo mdomoni mwake, na hamezi mpaka afike. Wewe ungeweza?"

Nilisema ningeweza. Akanipa karanga, akanituma nizunguke tembe nikiwa nazo mdomoni. Nilirudi na mdomo mtupu. Hakucheka. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea.

Mara nyingine punje ilikwama shavuni mwa panya ikaanza kuoza. Hapo Mnyapara alichovya kidole kwenye mafuta ya ufuta, akamshika mgonjwa shingoni, akaingiza kidole polepole na kuizungusha punje mpaka ikatoka, huku akimbembeleza, "Tulia baba, tulia, tumekaribia kambini." Mkono ule ule, wazee walituambia, ndio uliokuwa ukishika fimbo ya msafara. Na fimbo ile, walisema, haikuwa na habari na mgonjwa.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa Mwislamu, lakini Mwislamu wa njiani, aliyejifunza sala kwa kuwatazama wenye mali wakisali. Waungwana wa mjini walisema nguo zake zina najisi ya panya na hawakutaka asimame nao safu moja. Basi alisali peke yake, na panya alimpanda mgongoni alipokuwa amesujudu, naye hakumfukuza. Alilichukia gari moshi kuliko shetani, lakini halikupita hata moja asilokwenda kulitazama na kulitemea mate. Sisi Wagogo alitusema kila siku. "Babu zenu walituuzia maji ya matope kwa kipande kizima cha nguo! Tunakufa na kiu, wao wanatupimia kwa kata!" Halafu nikileta mtungi kutoka kisimani, alikunywa kwanza, akapangusa midomo, akasema, "Angalau siku hizi mnaleta bure. Adabu imewaingia." Hakumwogopa askari, hakumwogopa simba. Paka akipita, alipanda juu ya paa la tembe na fimbo, akakaa huko mpaka paka ahame mtaa.

Hata Mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe isiyokubali vumbi la Ugogo, aliwahi kupambana naye. Chaki zilikuwa zinapotea darasani. Mwalimu alituchapa sote, kwa zamu, chini ya picha ya Kaisari wa Wajerumani. Chaki zikaendelea kupotea. Mwisho alfajiri moja akamkuta mwizi mwenyewe juu ya meza, mashavu yametuna, mkia mweusi-mweupe unaning'inia, akamfuata mbio mpaka kwa Mnyapara akiwa ameshika kanzu juu ya magoti. Mnyapara alimpokea kwa heshima zote. Akamshika panya, akamminya shavu kidogo, chaki ikatoka. Akaminya la pili, ikatoka nyingine.

"Hizi hapa, Mwalimu. Zimelowa kidogo, lakini hazijapungua. Mpagazi wangu ni mwaminifu."

Mwalimu alizichukua kwa ncha za vidole. Tangu siku hiyo akiandika ubaoni tulikuwa tukitazamana, na ndipo tulipochapwa vizuri.

Sasa niseme habari ya majina, maana ndiyo habari yenyewe.

Panya buku hutembea watu wakiwa wamelala, kwa hiyo Mnyapara aliwaachia watoke kwa tundu lililokuwa chini ya ukuta, waende wanakojua. Kabla ya jua kuchomoza alikaa ndani, karibu na mlango, na ile fimbo yake ya zamani, akagonga kizingiti, akaanza kuita. Hakuita kama watu wanavyoita kuku. Aliita kwa ile sauti iliyokuwa ikifika mwisho wa msafara.

"Maganga!"

Kimya. Kisha kwaru, kwaru kwenye tundu, na Maganga huyo anaingia, mashavu yamejaa.

"Mzigo chini!"

Maganga alijisugua mashavu kwa mikono yake midogo, na vitu vikamwagika mbele ya mzee: karanga, mtama, mbegu za maboga, kifungo cha shaba kilichokatika kwenye koti la askari. Mzee alitazama, akamwacha achague chakula chake, kisha akamsindikiza mtungini.

"Shija! Mzigo chini! Mihayo! Wewe Mihayo, mbona umechelewa, umelala wapi? Mzigo chini! Feruzi!"

Feruzi aliitwa wa mwisho siku zote, na sauti ilibadilika kidogo hapo.

Mwanzoni nilidhani ni majina tu. Sisi ng'ombe tunawapa majina, kwa nini panya asipewe? Yeye mwenyewe hakunieleza kwa siku moja. Alinipa habari zile vipande vipande, huku akifanya kazi nyingine, kama mtu anayetema maganda.

Maganga alikuwa kijana mwenye donda mguuni. Lilimshinda katika Mgunda Mkali, kule ambako msafara hausimami kwa sababu hakuna maji. "Nilimwachia kibuyu," alisema Mnyapara. "Kilikuwa kitupu. Yeye alijua, na mimi nilijua, tukaagana kama watu wenye maji."

Shija alilala kambini msafara ulipoondoka, wala hakuna aliyemwamsha. "Nilihesabu pembe za ndovu. Zilitimia. Watu sikuhesabu."

Mihayo alipata ndui, akaachwa nyasini na moto mdogo.

Habari ya Feruzi ilikuwa fupi kuliko zote. "Feruzi aliniomba maji. Nikampa fimbo." Lakini niliona kwamba Feruzi wa mtungini ndiye aliyepata karanga za kwanza na nyasi laini, na ndiye aliyetembea kifuani.

"Babu," nilimwuliza siku nyingine, "ukiwaita hivyo, wale wenyewe wanasikia?"

"Wangekuwa wanasikia, wangekuwa wameshakuja kunikaba."

"Sasa unawaitia nini?"

Alikuwa anamkagua Shija masikio. Hakuinua kichwa. "Kwao hawakupata habari. Mama zao walikufa wanatazama njia. Duniani hakuna mtu mwingine anayejua kwamba watu hao walikuwepo, ila mimi niliyewaacha. Nikikosa wa kumwita kwa majina hayo, basi ndiyo yamekwisha. Watakuwa wamekufa kweli."

Hilo ndilo aliloliogopa, na kwa kuwa panya haishi miaka mingi, aliliogopa kila siku. Maganga akizeeka na kufa, alimzika, akaenda Hombolo, akachimba shimo jingine, akarudi na Maganga mpya kifuani. Nilipomfahamu mimi, Maganga alikuwa ameshakufa mara nyingi.

Nikafanya mzaha, kama kawaida yangu. Kulikuwa na kipanya kimoja kidume kilichozaliwa mtungini, kidogo, chenye sikio lililopasuka, hakina jina. Mzee akiita wengine, chenyewe kilijificha katika ufa wa ukuta, hakikutoka. Nikasema, "Huyu mwite jina langu, Babu. Sote wawili hatuji tukiitwa."

Alinipiga kofi la sikio ambalo bado nalisikia mvua ikitaka kunyesha. "Unajitakia nini, mjinga wewe? Panya wa hapa hapewi jina la mtu anayepumua! Umenisikia? Anayepumua ana jina lake, alibebe mwenyewe!"

Kwa hiyo kile kidogo kikabaki bila jina.

Kisha vita vikaja. Wazungu walikosana huko kwao, na sisi huku tukaanza kufunga mkanda. Kwanza walichukuliwa ng'ombe, kwa jina la bendera. Kisha askari wakaja kupima mtama kwenye vilindo vya akiba, wakabakiza wa kunusa. Kisha wakaanza kuchukua wanaume wa kubeba risasi na vyakula vya jeshi, kwa sababu gari moshi haliendi porini. Wanaume wakahamia vichakani. Baba yangu pia alihamia. Ukiulizwa, unasema amekwenda Kondoa kununua mbuzi. Kondoa siku hizo ilikuwa imejaa baba zetu wote, na mbuzi hata mmoja hakuonekana. Mwalimu akaendelea kutuimbisha wimbo wa Kaisari, na matumbo yetu yaliitikia vizuri kuliko sisi.

Panya wa Mnyapara walianza kurudi na mashavu nusu. Halafu robo. Mzee alikuwa anagawa sehemu yake mwenyewe kwenye mitungi, na kanzu ilimwelea kama pazia. Majirani walinung'unika. Mtu analishaje panya, na watoto wa watu wanachemsha magome? Mama yangu hakuwa mtu wa kunung'unika pembeni. Alikwenda akasimama mlangoni pake, mikono kiunoni.

"Mbukwa, mzee."

"Mbukwa, mama."

"Nimekuja kukuomba mmoja. Wanangu wana njaa. Yule mnono."

"Huyo ni Feruzi."

"Feruzi ana paja zuri."

Mzee akaingia ndani, akatoka na chakula chake chote cha siku ile, uwele kidogo ndani ya kipande cha kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Mama aliupokea. Njiani aliniambia, bila kugeuka, "Laiti angekuwa mtu mbaya, ningekuja na rungu."

Jumbe wetu wa zamani naye alikimbilia huko huko Kondoa kununua mbuzi, na boma likatuwekea Jumbe mpya, mtu mgeni, mwenye miwani ya duara na woga mwingi. Boma lilimtaka atoe watu wa kubeba, asipotoa atakiona. Watu hawakuwepo. Na sisi tuliokuwepo hatukuzungumza naye. Tukimwona anakuja tulikuwa viziwi, wajinga, Kiswahili hatukijui. Hata mimi, mwanafunzi wa shule ya serikali, nilimjibu Kigogo mpaka akachoka. Tulijiona wajanja sana. Kwa hiyo katika mtaa mzima hapakuwa na mtu wa kumwambia habari ambayo hata mtoto wa kutambaa aliijua.

Alfajiri moja Jumbe huyo alikuwa anapita nyuma ya tembe la Mnyapara. Akasikia ukutani sauti ya mtu anayeamuru, sauti nzito ya kazi: "Maganga! Mzigo chini! Shija! Mzigo chini! Mihayo! Umelala wapi? Feruzi!" Akasikia na miguu ikikwaruza. Angechungulia tundu tu yangekuwa yamekwisha. Hakuchungulia. Maskini, alikuwa ameomba Mungu ampe watu, na sasa amesikia watu. Alikimbia moja kwa moja mpaka boma, akasema amegundua kikosi kizima cha wapagazi waliofichwa, na mnyapara wao juu.

Kesho yake, saa ile ile, nilikuwa ndani ya tembe. Siku hizo nilikwenda alfajiri kwa sababu nikiwahi niliweza kupata mbegu moja mbili zilizobaki. Mzee alikuwa hajaanza kuita. Mlango ukapigwa teke.

Askari waliingia na bunduki, nyuma yao mkubwa wao, Shaushi, mtu mpana mwenye tarbushi, na nyuma ya Shaushi, Jumbe anafuta miwani.

"Wako wapi?" alisema Shaushi.

"Nani?" alisema Mnyapara.

"Wapagazi wako. Maganga na wenzake. Usinichezee, mzee."

Mnyapara alimtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anakaribia kutabasamu. "Hao? Hao hawakufai, Shaushi. Ni panya."

Shaushi alimpiga kibao. "Waite watoke."

Naamini mzee alidhani ataokoka nao. Alidhani wakiwaona watacheka, watamwita mwehu, watakwenda zao. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyoisimulia shule. Mzee akachukua fimbo yake, akagonga kizingiti.

"Maganga!"

Maganga akatoka kwenye tundu na mashavu yake, akaja moja kwa moja mbele ya mzee, katikati ya buti.

"Mzigo chini," alisema Mnyapara.

Punje chache za mtama zikaanguka. Askari mmoja aliangua kicheko akashika ukuta. Mwingine akasema, "Haki ya Mungu, anaweka mzigo!" Mnyapara akapata moyo. Akaita Shija. Shija akaja. Akaita Mihayo, akaja. Akaita Feruzi, na ile sauti yake ya mwisho. Walijipanga pale kama walivyozoea, wakisubiri kuruhusiwa kula. Hata Jumbe alicheka, kicheko cha mtu anayesikia kaburi lake linachimbwa.

Shaushi peke yake hakucheka. Aliwatazama wale panya, akautazama ule mtama sakafuni, akamtazama Jumbe. "Nimetembea alfajiri yote kwa ajili ya hawa," alisema. "Na mtama wa jeshi wanakula. Ueni."

"Shaushi," alisema Mnyapara. Alipiga magoti. Sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti. "Shaushi, nakuomba. Hao walishakufa mara moja."

Hawakuelewa, na wangeelewa wasingejali. Vitako vya bunduki vilishuka. Panya hawakukimbia. Ndilo jambo linaloniumiza mpaka leo. Walikuwa wameambiwa wakae pale, nao wakakaa. Feruzi aliinua pua kumtafuta mzee kwa harufu.

Askari waliwachukua kwa mikia wakaenda kuwachoma, maana hata wao walikuwa na njaa. Kisha Shaushi akasema hawezi kurudi mikono mitupu. Akanipima mimi kwa macho, akacheka sasa. "Huyu ni fito za kujengea." Akaamuru mzee afungwe kamba. Na kwa kuwa kamba ilikuwa ndefu, akaamuru na Jumbe afungwe pia.

Mnyapara hakupinga. Aliponipita mlangoni alisema kwa sauti ya kawaida, kama ananituma dukani, "Yule mdogo yumo ufani. Usimwite, hana jina, hatatoka. Mtoe kwa mkono."

Ndipo nilipofahamu kwa nini yule mmoja alikuwa hai.

Nilimwona mara nyingine tena, ya mwisho. Walikuwa wamewekwa uwanjani stesheni, wangoje behewa la kuwapeleka huko vita viliko. Nilikwenda na kipanya kifuani, ndani ya shati langu la shule, na nilikuwa nimeandaa vichekesho njia nzima. Jumbe alikuwa amekaa chini bila miwani, anatazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Mnyapara alikuwa mwisho wa mstari, na sanduku la risasi mbele yake, na kibati chenye namba shingoni, pale pale alipokuwa anachungulia Feruzi.

"Shikamoo, Babu."

Aliinamisha kidevu kifuani. Hapakuwa na kitu. Akakiinua. "Marahaba."

"Babu, naona umepandishwa cheo. Zamani ulitembea mbele mikono mitupu, sasa wamekuamini na mzigo."

Kilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Alinitazama, akanihurumia, akasema, "Ndiyo. Ni mzito. Sikujua kama ni mzito namna hii." Kisha, "Yuko wapi?"

Nilifungua kifungo. Kipanya kilitoa pua, na sikio lake lililopasuka. Mzee hakuweza kukishika, mikono ilikuwa na kamba. Akainama, akakiacha kimnuse uso.

"Anakula?"

"Anakula tunachokula."

"Basi hali kitu." Kule mbele mnyapara mpya, kijana mwenye fimbo mpya, alikuwa ameanza kuwainua watu mmoja mmoja kwa namba zao. "Sikiliza. Wale wengine wamekwisha, nimewamaliza mara ya pili. Usiwatafutie panya, hukuwajua. Huyu mdogo mpe jina langu."

"Babu, wewe unapumua."

"Pumzi ya kufikia pale darajani."

"Ulinipiga kofi kwa neno hilo hilo."

"Ndiyo. Na nisingekuwa na kamba ningekupiga jingine." Namba yake iliitwa. Hakuisikia, au hakuizoea. Ikaitwa tena, na fimbo ikamgusa begani. Akafunguliwa kamba, yeye na Jumbe, akachuchumaa, yule aliyekuwa akichuchumalisha wenzake, akajaribu kuinua sanduku, likamshinda. Jumbe akamsaidia kulipandisha kichwani. Hakugeuka. Mwenye mzigo kichwani hageuki, alikuwa amenifundisha mwenyewe, shingo itavunjika.

Gari moshi liliondoka. Nikalitemea mate kwa niaba yake.

Jina sikulitoa siku ile. Nilingoja. Nilisema atarudi, na akirudi atanikuta sijafanya upumbavu. Mvua zilikuwa zije, hazikuja. Baba alirudi kutoka vichakani, akachukuliwa. Mwalimu alikufa kwa homa na kanzu yake nyeupe, na sasa darasani anakuja karani kutufundisha nyimbo zile zile. Tunakwenda kwa sababu mchana hupewa uji, siku upo. Katika wale waliopanda behewa lile hajarudi hata mmoja, wala hakuna aliyeleta habari, wala hakuna wa kumwuliza. Asubuhi moja nikajikuta nimeanza kusahau sauti yake. Basi nikagonga kizingiti chetu, nikamwita kipanya kwa jina la mzee.

Ndiyo maana katika habari hii sikulitaja jina lake. Lina kazi.

Naita kila alfajiri. Yule aliyekuwa hatoki siku hizi anatoka, amejifunza kuitwa. Anapita katikati ya miguu ya mama, na mama anamtazama, kisha anatazama chungu, kisha anatazama ukutani. Sijui ataendelea kutazama ukutani mpaka lini, na siwezi kumlaumu. Panya anakuja mpaka mbele yangu, mbavu zinahesabika, anakaa kama anayesubiri amri.

"Mzigo chini," namwambia.

Anajisugua mashavu kwa mikono yote miwili, anasugua kweli kweli. Hakidondoki kitu.